Bangili Iliyonikalisha Mbele ya Boti

Mliniaga kwa keki, vitenge viwili na saa ya ukutani, mkaniambia niandike ya kazini nisije nikasahau. Saa ya ukutani kwa mtu aliyestaafu ni utani mzito, lakini nimeitundika sebuleni hapa Bariadi, na kila nikiitazama nacheka. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye jalada, na jalada lina vumbi lake. Nitawaandikia habari za bangili yangu, ambayo ninyi vijana mmeiona mkononi mwangu miaka yote na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mimi ni pacha. Kulwa alitangulia kutoka, mimi Doto nikafuata, huko Ipililo, Maswa, katika familia ya pamba, mahindi na ng'ombe wachache wenye majina marefu kuliko yetu. Tulipofika umri wa kuchunga, bibi yetu mzaa baba alichukua jembe la zamani lililokwisha makali, akalipeleka kwa mhunzi, likatoka bangili mbili. Jembe moja, mabasa wawili, ndivyo alivyosema. Mabasa kwetu ni mapacha. Akatuvisha mkono wa kushoto na kutuachia neno: ya mmoja ikikatwa, mwenzie hamalizi mwezi. Mikono ikanenepa, bangili zikabaki. Wakati wa kipaimara padri aliziona, akatikisa kichwa, akaendelea na ibada.

Sasa fikirini mtoto wa namna hiyo anaajiriwa kwenye kazi ya kutafuta mabomu chini ya maji kwa kipima sumaku. Kwa msomaji asiyejua kazi yetu, ni hivi: dunia nzima ni sumaku, na chuma kikilala chini ya tope huivuruga kidogo pale kilipo. Chombo chetu kinauhisi huo uvurugaji. Tunakifunga kwenye kamba ndefu nyuma ya boti, tunakiita samaki, na tunakikokota huku na huku mpaka kione kitu. Kina masikio makali mno. Ukiwa na funguo mfukoni na ukakaa karibu nacho, kinakusikia wewe badala ya bomu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa bandarini, pwani. Aliyetupokea ni Fundi Athumani, mtu wa Tanga, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka hadi niliona aibu kufungua mdomo na hiki changu cha kuchungia ng'ombe. Alitupanga mstari gatini akaanza kutaja vya kuvua: mikanda, saa, funguo, sarafu, pini za nywele, visu, viatu vyenye matundu ya chuma. Halafu akatazama juu angani na kusema kwamba akina mama wanajua wenyewe kama kuna waya mahali. Tulicheka, kisha tukaenda chooni kupunguza waya.

Bangili nilikuwa nimeizungushia bandeji nikasema nina kidonda. Kumbukeni nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na akili za umri huo. Fundi Athumani alisogeza kifimbo cha kupimia karibu nami na mshale ukaruka kama panzi. Akapitisha tena. Ukaruka tena.

“Binti,” akasema taratibu, “hiki kidonda chako kimefuliwa na nani?”

Nikamwambia yote pale pale, bibi, jembe, Kulwa na mwezi. Nilijua nimeshapoteza kazi kabla jua halijafika utosini. Aliponisikiliza hadi mwisho alisema mficha uchi hazai, kwamba ningemwambia mapema asingepoteza muda kuhisi betri imekufa. Akasema na kwao kuna mambo, hayataji, na hawezi kumkata mtu mkono wala undugu. Kisha akanionyesha pua ya boti.

“Samaki yuko nyuma kabisa. Wewe kaa mbele, Doto.”

Ndipo nilipokaa. Miaka thelathini na sita, vijana, kwenye maziwa, bandari na midomo ya mito, mimi nilikuwa mtu wa mbele, mwenye daftari, saa ya plastiki na sauti ya kuita namba za mistari. Mlidhani ni heshima ya ukubwa. Ilikuwa ni chuma.

Kazi yenyewe inafanana na kulima kwa plau: unakwenda moja kwa moja, unageuza, unarudi kando ya mfereji wako wa kwanza, na ukiacha pengo hapo ndipo magugu yatakapoota. Wageni wakisikia mabomu wanadhani tunaishi kwa kuruka ruka. Asubuhi nzima ni kuita namba na kula karanga. Chombo kinalia, mzamiaji anashuka na fimbo ya shaba, anapapasa, anapanda na jibu. Tumepata nanga, vitanda, majiko ya mkaa, baiskeli iliyofungwa kufuli kwenye nguzo ya gati, sijui mwenyewe aliogopa nani amwibie huko chini. Mara moja tulipata cherehani, na mzamiaji wetu alipanda amekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Na mara chache, bomu. La vita vya wakubwa wa zamani, wengine wanasema lilidondoka melini, wengine wanasema ghala zima lilimwagwa. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba siku hiyo karanga haziliwi. Fundi Athumani alikuwa na msemo wake ambao nawaachieni kama urithi: “Mashine inasema chuma. Haisemi bomu. Bomu tunasema sisi, na tukikosea hatuitwi kusahihisha.” Alistaafu akaenda kufuga mbuzi, na hadi anaondoka hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwa nini nakaa mbele.

Nitaje na jambo dogo la nyumbani, maana lina kazi yake baadaye. Mwaka Kulwa aliponunua simu yake ya kwanza, alinipigia kila asubuhi mwezi mzima. Doto, u mzima? Mzima. Anakata. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikawatambia wenzangu botini kwamba jamani, kaka yangu kanunua simu akapewa na upendo ndani ya boksi. Mwezi ulipoisha akaacha, nikajua vocha imemshinda.

Basi tufike kwenye kazi yangu ya mwisho, ile ambayo wengi wenu hamkuwepo. Tulitumwa huku huku kwetu Simiyu, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko Busega, si mbali na Lamadi. Bomba la kuchotea maji ya ziwa lilikuwa litandazwe hapo, maji yaje Bariadi na vijiji vyenye kiu, na kwetu Ipililo tumo. Mvuvi mmoja akavuta wavu, akapata kombora lenye kutu, akalibeba begani mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji aulize kama lina bei. Mwenyekiti alitoka kwa dirisha. Wanajeshi wakaja, wakalichukua, na sisi tukaitwa kuangalia kama lina ndugu.

Tulikuwa watatu. Magesa, kijana wa boti, mrefu na mkimya. Neema, msomaji wa skrini, mjamzito wa miezi saba. Na mimi. Maji marefu tuliyapima kwa boti siku mbili, mimi mbele kama kawaida, na yalikuwa safi. Kilichobaki ni ukanda wa ufukweni, maji ya magotini hadi kifuani, mawe na magugu maji tupu, injini haipiti. Sehemu kama hiyo hupimwa kwa miguu. Chombo kinaning'inizwa katikati ya mti wa mwanzi, watu wawili wanashika ncha, wanatembea polepole kama wabeba jeneza. Na sheria yetu ni kwamba asiyefunzwa haingii majini mpaka pawe pamepimwa. Neema hawezi. Aliyebaki wa kushika ncha ya pili ni mimi na jembe langu.

Nilijaribu ujanja wote. Tuliongeza urefu wa mwanzi, ukapinda katikati, chombo kikagusa maji. Nikainua mkono wa kushoto juu, nikawa natembea ziwani kama mtu anayesimamisha basi la Mwanza. Neema kutoka nchi kavu akaita kwa upole, “Mama, kuna bomu linatufuata.” Tukirudi, linarudi. Nikisimama, linasimama. Magesa, ambaye siku nzima hutamka maneno matano, aliketi kwenye jiwe akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nilicheka, haki ya Mungu, lakini nilikuwa nikitazama ufukweni.

Maana ukanda ule ndio uliokuwa wa watu. Palikuwa na jiwe kubwa la bapa ambalo wanawake wa mwaloni walikuwa wakifulia tangu mama zao. Tulilizungushia utepe mwekundu, na kila asubuhi mwenyekiti wa kikundi chao, Mayu Minza, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alikuja kunipa habari za asubuhi kwa Kisukuma. Mwangaluka, mayu. Mwangaluka mhola. Leo tutafua? Bado, mayu. Anajitwika beseni, anakwenda kufulia kule kwenye matete, penye mamba. Watoto walikuwa wameshakatiza utepe mara mbili kuogelea. Niliomba makao makuu waniletee mtu, wakajibu wote wako safarini, nisubiri wiki mbili. Mashine ya kuchimba mtaro ilikuwa inafika Jumatatu.

Ingekuwa ni shingo yangu, ningekata bangili siku ile ile. Lakini neno la bibi halikunitaja mimi, lilimtaja mwenzangu. Nimesoma, nimefundisha, nimewaambia ninyi mara mia kwamba chuma ni chuma tu. Na bado nililala nikihesabu ng'ombe wa Kulwa, watoto wake sita, shamba lake la pamba, nikijiuliza nitawaambiaje kwamba nilimkata baba yao kwa msumeno. Niliogopa, basi. Alhamisi nikampigia, nikakosa ujasiri wa kusema, nikauliza tu hali. Akasema sauti yangu haina afya na kesho anakuja.

Ijumaa mchana akashuka kwenye bodaboda kutoka Lamadi, kofia kichwani, michembe, viazi vikavu vya kwetu, na karanga kwenye mfuko, jogoo hai kwapani. Huyo ndiye Kulwa, haendi mahali mikono mitupu. Tukaulizana hali kikwetu, mhola wa ng'ombe, mhola wa watoto, mhola wa jogoo. Bangili yake nyeusi ilikuwa pale pale mkononi, nami moyo ukazidi kushuka. Nikamweleza yote, jiwe la kufulia, utepe, Jumatatu. Alivua kofia akaanza kuichunguza ndani.

Neema alikuwa ameweka chombo juu ya madumu matupu ya plastiki, kamba imezungushwa pembeni, na mtu hapiti ndani ya kamba bila kupimwa. Nikaona tuchekeshe msiba. Nikamwambia Kulwa apite, tuone kati ya mabasa wawili nani ana kelele zaidi. Akasema hana haja. Nikamsukuma mgongoni kama tulivyosukumana utotoni, akapita.

Skrini ikatulia. Mstari ulinyooka kama uzi wa pamba.

“Baba huyu ni msafi,” akasema Neema.

Nikasema haiwezekani, arudie. Alirudi, mkono wa kushoto ukiwa shibiri moja tu kutoka kwenye chombo. Kimya. Nikapita mimi, skrini ikaruka. Akapita yeye, kimya. Miaka thelathini na sita nimetafuta chuma mahali kisipoonekana, na leo chombo kinaniambia hakuna chuma mahali ninapokiona kwa macho. Nikamshika mkono, nikakwaruza bangili kwa ukucha wa dole gumba. Masizi yakatoka. Chini yake paling'aa weupe, ule weupe wa sufuria ya alumini, madini ambayo chombo chetu hakiyasikii.

“Kulwa. Hii ni nini?”

“Ni sufuria,” akasema. “Ya mama. Ile iliyotoboka.”

Ikatoka hadithi, akiisema huku anaitazama kofia. Miaka mingi nyuma alifanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, bangili ikanaswa kwenye mkanda wa mashine, mkono ukaanza kwenda. Mwenzake alizima umeme, fundi wa kuchomelea akaikata bangili, mkono ukabaki. Kesho yake akaipeleka sufuria ya mama kwa fundi wa kuyeyusha na kusubu vyombo, akafanyiwa nyingine, akaipaka masizi na mafuta ya gari. Tangu hapo kila akija msibani au harusini ninapokuwepo, anaipaka upya kwanza.

“Na mimi je?” nikauliza. “Si mimi ndiye niliyetakiwa kufa?”

“Ndiyo maana nikanunua simu,” akasema.

Jamani. Doto, u mzima? Mzima. Mwezi mzima. Kumbe hakuwa na upendo wa boksi, alikuwa anahesabu siku.

“Nilisubiri ufe,” akasema Kulwa, “hukufa. Nikaona sasa nikikwambia utaniua wewe.”

Nilimpiga kwa kofia yake mwenyewe. Nilimpiga mara tatu, huku nacheka, huku nalia, jogoo anapiga kelele, Neema ameshika tumbo anasema tusimchekeshe hivyo atajifungulia mwaloni. Nilikuwa na hasira ya miaka yote niliyokaa kwenye pua ya boti napigwa na mawimbi usoni kwa ajili ya mtu mwenye sufuria mkononi. Na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata siku ya mshahara wowote. Alikuwa hai. Angekuwa hai na kesho.

Magesa alileta msumeno wa chuma bila kuambiwa. Kulwa ndiye aliyekata. Aliweka kipande cha ngozi chini ili asinijeruhi, akakata polepole, na ingawa ndiye aliyekuwa na ushahidi wote, alisimama mara mbili akafanya ishara ya msalaba. Ilipokatika, sote wawili tukatazamana. Hakuna aliyeanguka. Akaiweka mfukoni. Ngozi ya mkono wangu ilikuwa nyeupe na laini pale, ngozi ya msichana wa miaka kumi.

Jumamosi alfajiri tukaingia majini, Magesa ncha moja, mimi ncha nyingine. Nilikuwa mwepesi hadi nilijikuta naimba, Magesa akaniomba niache kwa sababu natikisa mwanzi. Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, msumari wa boti, mdogo, Neema akaucheka. Mstari wa saba Neema hakucheka. Alisema tusimame, turudi nyuma hatua mbili, tusogee tena. Mashine ilisema chuma, kirefu, kimelala chini ya tope kidogo tu. Nikasikia sauti ya Fundi Athumani sikioni na kujua sasa ni zamu yangu kusema. Nikasema. Tukafunga chupa tupu ya plastiki kwa uzi wa nailoni, tukaiacha ielee juu yake, tukatoka kwa njia ile ile tuliyoingilia.

Wanajeshi walikuja siku hiyo hiyo wakalikuta bomu, zima, refu kama mkono wa mtu mzima. Walilitoa kwa subira kubwa wakalipeleka mbali, na jioni tulisikia mlio wake, kuku wa kijiji kizima wakapanda mitini. Baadaye Mayu Minza aliniomba nimwonyeshe ilipokuwa chupa. Alisimama kwenye jiwe lake la kufulia akapiga hatua kuelekea pale, moja, mbili, tatu. Akageuka. Akaketi majini na kitenge chake chote. Alisema hapo ndipo alipokuwa akichomeka mti wa kuanikia nguo, kila wiki, akiugongelea kwa jiwe.

Alipoinuka alipiga kigelegele ambacho nadhani Mwanza walikisikia. Wenzake wakaitikia, wakanikamata, wakaniingiza ziwani na sare ya kazi na buti, wakanifua. Msidhani natia chumvi. Nilipakwa sabuni na wanawake kumi na mmoja. Kulwa alichinja jogoo wake, mashine ya mtaro ilipofika Jumatatu dereva alikuta bado tunakula michembe, naye akakaribishwa.

Kwa hiyo vijana, kabla hujakipima kitu chochote, jipime wewe kwanza, halafu mpime na ndugu yako. Hilo ndilo somo, na sitaongeza.

Ila mtanicheka na hili pia. Jumanne iliyofuata asubuhi, Kulwa ameshaondoka, mimi mtaalamu, mwenye ushahidi wa chombo na wa macho, niliamka kabla ya chai nikashika simu. Kulwa, u mzima? Mzima. Nikakata. Jumatano tena. Alhamisi. Aliniuliza siku moja imekuwaje, si nimeona mwenyewe ni maneno ya bibi tu. Nikamwambia maneno ya bibi siyaamini kabisa, na je, u mzima? Niliweka alama kwenye kalenda hadi mwezi ukakamilika. Siku ya thelathini na moja sikupiga. Nilikaa nikanywa chai yangu kwa raha, chini ya saa yenu ya ukutani, msomi tena.

Haijafika saa mbili simu ikalia.

“Doto,” akasema Kulwa, “mbona leo hujapiga?”